Sheria ya Sola Ije Mirunda Ikiwa Bado Imesimama

Tangu tarehe 1 Januari 2023, mwenye nyumba katika jimbo la Baden-Württemberg, kusini-magharibi mwa Ujerumani, akiezua paa lake ili aezeke upya, sheria inamtaka apandishe na paneli za sola. Kwa nyumba mpya za kuishi sharti hilo lilitangulia: linamhusu kila aliyepeleka maombi ya kibali kuanzia 1 Mei 2022. Majengo mapya ya biashara, ofisi na viwanda yalianza 1 Januari mwaka huohuo, pamoja na maegesho mapya ya wazi yenye nafasi 35 na kuendelea, ambayo hujengewa kipaa cha paneli juu ya magari. Mimi ni fundi umeme, mzaliwa wa Moshi, naishi na kufanya kazi Tübingen, na sheria hii ndiyo inayonipandisha juu ya mapaa ya watu. Naiandika jinsi inavyoonekana ukiwa huko juu, maana naamini imebeba jambo moja tunalolihitaji sana nyumbani.

Nikiwasimulia ndugu na rafiki, jibu la kwanza huwa lilelile: wenzetu wana fedha, wanaweza kujiamrisha lolote. Sikubaliani. Fedha zipo, lakini miaka 20 iliyopita zilikuwepo pia, na mapaa mengi yalibaki matupu. Kilichobadilika ni kwamba sheria imejifunza kumfikia mtu siku ambayo tayari ameingia gharama.

Tuanze na mirunda. Huku ni majukwaa ya chuma yanayofungwa kuizunguka nyumba, kwa sababu taratibu za usalama kazini hazimruhusu fundi kupanda paani bila kinga ya kumzuia asianguke. Kwa nyumba ya familia moja, kuyasimamisha na kuyashusha huweza kumgharimu mwenye nyumba euro elfu moja hadi elfu mbili kabla hajanunua hata skrubu. Paneli yenyewe imekuwa rahisi mno. Katika muongo wa 2010 bei yake ilishuka kwa takribani asilimia 90, na leo kipande kimoja cha wati 440 hivi, chenye uzito wa kilo ishirini na kitu, sicho kinachomtoa mtu jasho. Gharama kubwa iko kwenye mikono ya mafundi, jukwaa, nyaya, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) na makaratasi.

Sasa yule anayeezua paa, jukwaa ameshalilipia. Waezekaji wako juu. Vigae vimetolewa, mbao ziko wazi, na mimi nafunga kulabu zangu moja kwa moja kwenye mbao bila kubahatisha zilipo na bila kuvunja kigae hata kimoja. Mwezekaji anakuja nyuma yangu, anakata kigae kukifuatisha kulabu, maji hayapati pa kupita. Kwenye paa lililokwisha kuezekwa kazi hiyohiyo ni ya kuinua vigae vizee kimoja kimoja, na vingine vinapasuka mkononi. Nimefanya za aina zote mbili, na tofauti ya ubora naiona kwa macho.

Sababu nyingine ni umri. Paneli nzuri huzalisha umeme miaka 25 hadi 30. Ukiifunga juu ya paa lililobakiza miaka 10, utakuja kuwalipa watu waiteremshe, uezeke, kisha uwalipe tena waipandishe. Paa na paneli yafaa vianze maisha pamoja. Na yapo mapaa ya zamani ya asbesto, ambayo ni marufuku kufunga mtambo juu yake. Hayo lazima yang'olewe na watu wenye mavazi ya kinga kabla ya jambo lingine lolote. Watunga sheria wa Stuttgart, mji mkuu wa jimbo, wangeweza kutamka tu kwamba nyumba zote ziwe na sola ifikapo mwaka fulani. Walichagua kuifunga sheria kwenye kibali cha ujenzi na kwenye kuezua, nyakati mbili ambazo mwenye nyumba mwenyewe ameshaita mafundi.

Wala halidaiwi paa zima. Kanuni inahesabu eneo linalofaa, na katika eneo hilo inataka asilimia 60 ifunikwe. Upande wa paa ulioinamia kaskazini hauhesabiwi, kwa kuwa katika latitudo hii jua halipiti huko. Paa lililoharibiwa na dhoruba likarekebishwa kwa dharura halimlazimishi mwenyewe kitu. Anayeona gharama zimezidi uwezo huomba kuondolewa sharti, akapeleka hesabu zake. Asiyetaka kumiliki mtambo anaruhusiwa kumkodisha mtu mwingine paa lake, na anayetaka maji ya moto kuliko umeme anaweza kulitumia eneo hilo kwa mitambo ya kupasha maji kwa jua. Uthibitisho nao ni mwepesi: mtambo husajiliwa kwenye daftari la taifa la mitambo ya umeme, kisha hati ya usajili hupelekwa idara ya ujenzi.

Si kila mtu anaipenda. Nimekaa jikoni kwa bibi mmoja mjane, paa lake likivuja juu ya ghala, akaniuliza swali lisilofaa kujibiwa kwa haraka. Mtambo utarudisha gharama zake baada ya miaka kumi na kitu. Yeye amepita themanini. Kwa nini atoe akiba yake kwa miaka ambayo hatakuwepo? Nilimwambia kwa heshima kwamba na hilo paa jipya analoezeka litamzidi umri, na bado analiezeka, kwa sababu nyumba ina watu watakaobaki. Alinitazama kwa muda. Baadaye mjukuu wake anayeishi ghorofa ya juu alichukua mkopo, mkataba ukawa kwa jina lake, na bibi akalipia vigae tu. Mambo yaliisha vizuri kwa sababu mjukuu alikuwepo. Ninaposema naiunga mkono sheria hii, namaanisha sheria pamoja na mikopo nafuu na njia za kupata unafuu. Bila hivyo ingewaumiza wazee wenye nyumba kubwa na pensheni ndogo.

Lipo lalamiko lingine ambalo nalipa uzito zaidi. Wapo wanaoahirisha kuezeka ili sharti lisiwaguse. Wanaziba hapa, wanabadilisha vigae vichache pale, na paa linaendelea kupoteza joto la nyumba kila kipupwe. Sharti likibanwa mno kwenye ukarabati, linaweza kuuchelewesha ukarabati wenyewe. Dawa yake ni kumfanya mtu aone faida, na hapo Ujerumani imejenga msingi kwa miaka mingi. Sheria ya mwaka 2000 ilimhakikishia mwenye mtambo bei maalumu kwa kila uniti anayoirudisha kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa wote, kwa miaka 20. Bei hiyo ilikuwa kubwa mwanzoni, ikashushwa kadiri paneli zilivyokuwa rahisi. Leo mtambo mdogo wa nyumbani hulipwa karibu senti 8 za euro kwa uniti ya ziada, wakati kuinunua uniti kwa kampuni ya umeme ni zaidi ya senti 30. Kwa hiyo akili ya sasa ni kuutumia umeme wako mwenyewe mchana: kufua, kupasha maji, kuchaji gari. Na tangu Januari 2023 mitambo midogo ya nyumbani hailipiwi kodi ya ongezeko la thamani.

Tübingen ilitangulia kabla ya jimbo. Mwaka 2018 baraza la mji, meya akiwa Boris Palmer, liliamua majengo mapya yawe na paneli, na mji ukatumia nguvu uliyokuwa nayo: mikataba ya viwanja na mipango ya ujenzi. Unanunua kiwanja cha mji, unakubali na sharti lake. Ni mji mdogo, wa watu wapatao 90,000, na tangu mwaka 2014 una udugu rasmi na Moshi. Kwangu udugu huo una uzito. Nimekulia kwenye mji mmoja na nimepata ufundi wa sola kwenye mwingine, na nikitazama mji mmoja unavyoamrisha paneli huku mwenzake ukipata jua kuushinda kwa mbali, nashindwa kukaa kimya.

Sehemu nyingine nazipitia haraka, ingawa kila moja imejibu kwa njia yake swali la nani aambiwe na lini. Kalifornia ilianza 1 Januari 2020 kwa nyumba mpya za ghorofa zisizozidi tatu. Tume ya nishati ya jimbo ilikadiria kwamba viwango vipya vya ujenzi kwa jumla, sharti la sola likiwemo, vinaongeza dola 9,500 hivi kwenye bei ya nyumba, sawa na dola 40 kwa mwezi kwenye mkopo, na vinaokoa dola 80 kwa mwezi kwenye bili. Kule nyumba nyingi hununuliwa kwa mkopo mrefu, basi mzigo ukaingizwa ndani ya mkopo. Tokyo, tangu Aprili 2025, haimwambii mwananchi. Inawaambia makampuni makubwa ya ujenzi yapatayo 50, ambayo yanatakiwa yatimize kiwango fulani cha sola katika nyumba zote yanazojenga, kwa hiyo lenye nyumba mahali penye kivuli linafidia mahali pengine. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwongozo mwaka 2024 unaoanza na majengo mapya ya umma na ya biashara yanayozidi mita za mraba 250 ifikapo mwisho wa 2026, kisha majengo ya biashara yanayokarabatiwa, kisha majengo ya umma yaliyopo kwa awamu, na nyumba mpya za kuishi mwisho wa 2029. Serikali inaanza na mapaa yake yenyewe na ya wenye mtaji. Huo mpangilio ningependa tuukumbuke.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. Kenya ilitunga kanuni za kupasha maji kwa jua mwaka 2012. Jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku lilitakiwa liwe na mtambo wa jua unaotosheleza asilimia 60 ya mahitaji yake ya mwaka, kiwango kilekile ambacho Barcelona ilikiweka kwenye sheria yake iliyoanza kutumika mwaka 2000. Majengo mapya yalitakiwa kuwa nao tangu mwanzo. Majengo yaliyokuwepo yalipewa miaka 5.

Naiheshimu sana kanuni ile, na kila nikiisoma naona mahali ilipokosa mshiko. Kwa jengo jipya ilikuwa na mlango wa kuingilia: mchoro, kibali, kuunganishiwa umeme. Kwa jengo lililokuwepo ilikuwa na tarehe tu. Hakuna fundi aliyekuwa paani, hakuna mirunda, hakuna bati lililoezuliwa. Mwenye nyumba alitakiwa kuamka siku moja na kuanzisha mradi ambao hakuuomba, kwenye nyumba isiyo na mabomba ya kuleta maji ya moto kutoka juu. Miaka 5 ikapita, mwaka 2017 ukafika, na majengo mengi hayakuwa nao.

Kuna tatizo jingine ambalo kila aliyewahi kupanga Nairobi analijua. Mwenye nyumba hununua shawa ya umeme ya bei nafuu na kuifunga bafuni. Tokeni ananunua mpangaji. Ukimtaka mwenye nyumba anunue mtambo wa jua wa gharama kubwa mara nyingi zaidi, unamtaka alipe yeye ili apumzike mwingine. Huku pia tunapambana na hilo. Tangu mwaka 2017 ipo sheria ya kumwezesha mwenye jengo kuwauzia wapangaji wake umeme wa paani, lakini makaratasi yake yamewakatisha tamaa wengi. Mpangaji amepata unafuu wake kwa njia nyingine: paneli mbili kwenye kibaraza, inveta isiyozidi wati 800, unachomeka ukutani. Mimi ni mpangaji na ninazo. Zinaendesha friji na ruta mchana, na nazipenda kama mtu anavyopenda kitu alichokipata bila kuomba ruhusa ya mkubwa.

Basi tuje Tanzania, ambako sharti la namna hii halipo. Ningekuwa wa kwanza kupinga kama mtu angelinakili la Baden-Württemberg neno kwa neno.

Nyumbani wengi wetu hatujengi kwa mkopo wa miaka 30. Tunajenga kwa mshahara, kwa mavuno, kwa mchezo wa kina mama, kwa fedha za ndugu aliye mbali. Mwaka huu msingi. Mwaka ujao boma. Kisha boma linasimama linanyeshewa masika na vuli, majani yanaota sebuleni, mpaka fedha ya kupaua ipatikane. Watu wanahamia kabla ya silingi, wanapiga plasta chumba kwa chumba. Tarehe ya kibali cha ujenzi, kama kibali kipo, inaweza kuwa miaka 10 kabla ya siku ambayo mwenye nyumba ataweza kununua paneli moja. Ukimlazimisha kwenye kibali, umemfungia mlango wa kuanza. Ukimlazimisha anapohamia, umemkuta hana kitu.

Siku yenyewe ni ya kupaua. Hapo mirunda imesimama, fundi wa kenchi yupo, kuta hazijapigwa plasta, nyaya hazijapita. Siku hiyo kila kitu kinachohitajika kuiandaa nyumba kwa sola kinaweza kufanyika kwa fedha ndogo, na kikiachwa, kukirudia baadaye ni kutindua ukuta, kutoboa silingi ya jipsamu na kutoboa bati, ambalo likitobolewa vibaya litavuja maisha yake yote.

Dada yangu anajenga Bomang'ombe, wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Alipofika kwenye kupaua alinitumia picha ya boma na ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, fundi wa bati anaanza wiki ijayo. Hiyo sola mnayofunga huko, niiweke sasa au nisubiri?"

"Shikamoo dada. Paneli usinunue. Nunua bomba."

"Marahaba. Bomba la maji?"

"La kupitishia nyaya. Kutoka pale itakapokaa meni swichi mpaka juu kwenye kenchi, kabla fundi hajapiga plasta."

Tuliongea kwa muda mrefu siku ile, fundi wake akiwa pembeni anasikiliza kwenye spika. Nilimwomba aache ukuta wa stoo wazi kwa ajili ya inveta, mahali pasipopigwa na jua la mchana. Nilimwomba fundi wa kenchi aongeze mbao upande mmoja wa paa, maana safu ya paneli na fremu zake ina uzito, na upepo ukiingia chini yake huivuta juu. Tanki la maji lililokuwa limechorwa kwenye mnara karibu kabisa na nyumba likasogezwa ili kivuli chake kisilale kwenye bati. Fundi wake alishika haraka kuliko mimi nilivyoeleza. Jumla ya nyongeza haikufika bei ya mabati matatu ya msauzi.

Ilinibidi nimweleze na tofauti za jua. Ujerumani tunatafuta upande wa kusini na mwinamo mkali kiasi, kwa sababu jua la kipupwe liko chini sana. Bomang'ombe iko nyuzi 3 na ushee kusini mwa ikweta. Katikati ya mwaka jua la adhuhuri liko kaskazini, mwishoni mwa mwaka liko kusini, na mara mbili kwa mwaka liko utosini. Paa la mwinamo mdogo linafaa pande zote. Kanuni inayoondoa upande wa kaskazini, ambayo kwa Tübingen ni ya busara, kwa Hai haina maana hata kidogo. Kinachoua umeme kwetu ni kivuli. Seli chache za paneli moja zikifunikwa, umeme wa safu nzima unaweza kushuka, na hapo nina wasiwasi na mtindo unaopendwa sasa Dar es Salaam na Arusha wa kulificha paa nyuma ya kuta ndefu. Nyumba inapendeza ukiitazama barabarani, lakini asubuhi na jioni kuta zile hulaza kivuli juu ya bati. Mchoraji akiambiwa mapema, atashusha ukuta au atainua fremu. Akiambiwa mwishoni, amechelewa.

Kisha kuna suala la umeme kukatika, ambalo Tübingen hakuna mteja anayeniuliza na nyumbani ndilo swali la kwanza. Mtambo wa kawaida uliounganishwa na gridi bila betri huzimika pale gridi inapozimika, hata jua likiwa kali. Umetengenezwa hivyo ili usipeleke umeme kwenye nyaya ambazo fundi wa shirika anazigusa akidhani zimekufa. Mtu aliyeuziwa sola ya namna hiyo bila kuelezwa atajiona ametapeliwa siku ya kwanza ya kukatika. Tulipita mgao mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, na ingawa Bwawa la Julius Nyerere la Rufiji, lenye mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115, limeongeza nguvu kubwa, nyaya zinazoufikisha umeme mtaani bado ni zilezile. Sharti lolote la nyumbani lazima liwe na nafasi ya betri na inveta ya haibridi, yaani inayofanya kazi na gridi na betri pia, ndani yake, au watu watalichukia kwa haki.

Pendekezo langu basi lina pande mbili. Wanaojenga kwa mara moja na kwa mtaji mkubwa waagizwe paneli zenyewe: ofisi za serikali, shule na hospitali mpya, benki, hoteli, maduka makubwa, majengo ya ghorofa za kupangisha yanayozidi ukubwa fulani, na yakifanyiwa ukarabati mkubwa wa paa, vilevile. Hayo yana mkandarasi, mhandisi na mchoro; yanatumia umeme mwingi mchana, jua likiwepo. Tanzania imeshaonyesha mpangilio huu kwenye nishati ya kupikia, pale taasisi zinazolisha watu wengi, kama shule na magereza, zilipoagizwa kuacha kuni na mkaa kabla ya agizo lolote kumgusa mama anayepika jikoni kwake. Mwananchi wa kawaida anayepaua nyumba yake ya kuishi asiagizwe paneli hata moja. Aagizwe utayari: mabomba, nafasi, mbao, waya wa ethi (unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini) wa kutosha.

Najua mtu ataniuliza nani atakagua, wakati nyumba nyingi mijini zimejengwa bila kibali. Nisingetegemea kibali. Umeme hauingii nyumbani kabla ya mkandarasi mwenye leseni kugonga muhuri wake kwenye fomu ya kazi aliyoifunga. Fundi huyo tayari anawajibika kwa ethi, na sijawahi kuona mwenye nyumba anayebishana naye kuhusu ethi. Anajua bila hiyo hakuna muhuri. Bomba mbili za sola zikiingia kwenye orodha hiyohiyo, zitakuwa sehemu ya kazi ndani ya miaka michache. Ningeongeza kinga moja, kwa kujifunza kutoka Kenya: yule ambaye nyumba yake ilishapauliwa kabla ya kanuni asinyimwe umeme kwa ajili yake. Umeme wenyewe ni haki kubwa kuliko sola.

Kingine cha kupangwa mapema ni uniti za ziada. Kenya ilitoa kanuni mwaka 2024 zinazomruhusu mwenye mtambo wake kurudisha umeme kwenye gridi na kupewa nusu yake kama salio. Nusu ni kidogo kwa macho ya mteja, lakini ni mlango uliofunguliwa na unaoweza kupanuliwa. Sharti la kufunga paneli kwenye hoteli au shule bila njia ya kueleweka ya kuurudisha umeme wa Jumamosi, Jumapili na likizo ni sharti la kutupa umeme.

Mafundi wapo. Vijana waliosoma nami Moshi wanafunga sola za pampu na za maduka kila siku, wengine kwa ustadi ambao ningeupa kazi huku bila kusita. Wanachokosa ni nyumba iliyoandaliwa. Wanafika wakakuta jipsamu imeshapakwa rangi, wanapitisha waya nje ya ukuta kwenye jua, ngozi ya waya inaanza kupasuka baada ya miaka michache, na lawama inakwenda kwa sola.

Kwa anayepaua kabla ya mvua za vuli na asiyetaka kusubiri serikali: weka mabomba mawili ya milimita 25 kutoka ukuta wa meni swichi hadi kwenye kenchi, bila kona kali, kila moja likiwa na kamba ya kuvutia waya ndani yake. Bomba la tatu litoke kwenye ukuta wa inveta hadi kwenye ethi. Boksi la meni swichi liwe na nafasi za breka zisizopungua nne zilizo tupu. Mwambie fundi wa bati akuonyeshe kenchi zilipo kabla hajazifunika, upime umbali wa moja hadi nyingine na kutoka ukingo wa paa, uandike kwa kalamu isiyofutika. Piga picha ukuta kabla ya plasta, na mchoro wa mabomba ubandike ndani ya mlango wa boksi, ili fundi atakayekuja ajue pa kuanzia.